Kinga ya Meno Inayomchongea Mchezaji kwa Daktari

Kuna nusu saa ya maisha yangu ambayo naijua kwa kusimuliwa tu. Nilikuwa kidato cha tatu, nikichezea timu ya raga ya shule yetu magharibi mwa Kenya, nambari mbili mgongoni, katikati ya mstari wa mbele wa skramu, pale pande mbili zinapoinama na kusukumana kugombea mpira. Wenzangu wanasema niliinama kumkaba mpinzani aliyekuwa akija kwa kasi, goti lake likanipata juu kidogo ya sikio, nikaanguka kifudifudi na kulala hapo kwa muda ambao kila mmoja wao huutaja tofauti. Nilimwagiwa maji baridi kisogoni. Mtu akaniinulia vidole viwili, nikajibu viwili, na kwa jibu hilo moja nikarudishwa uwanjani. Wanasema nilicheza vizuri. Kumbukumbu yangu mimi inaanzia ndani ya basi, kichwa nimekiegemeza kwenye kioo cha dirisha, nikimwuliza jirani yangu kwa mara ya nne kama tulishinda, kisha nikimwomba dereva asimame nishuke nitapike.

Sikumwambia mtu yeyote kwamba kichwa kiliendelea kuniuma kwa siku tisa zilizofuata. Jumanne nilikuwa mazoezini kama kawaida. Hakuna aliyenilazimisha, kwa kuwa hakuna aliyejua, na mimi mwenyewe niliamini kwamba mchezaji anayelalamika kuhusu kichwa anatafuta kuachwa nje ya kikosi. "Jikaze kisabuni," ndivyo tulivyokuwa tukiambiana, na hakuna aliyewaza kwamba sabuni nayo huisha.

Leo ni mwalimu, na jioni ninafunza vijana mchezo uleule, kwa hiyo swali la nini hasa hutokea ndani ya kichwa cha mchezaji anapogongwa limekuwa langu kwa njia mbili. Ndiyo sababu nimekuwa nikifuatilia kwa makini habari za vihisi vinavyovaliwa mwilini ili kupima mapigo ya kichwa, teknolojia ambayo kwa muda wa miaka ishirini imehama kutoka ndani ya kofia ngumu za wachezaji wa kandanda ya Kimarekani hadi ndani ya midomo ya wachezaji wa raga.

Desemba iliyopita niliishika moja kwa mkono wangu. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anasoma Uingereza na kucheza raga huko, alikuja kutusalimia nyumbani, na baada ya chai akatoa kwenye begi kijisanduku cheusi chenye ukubwa wa chombo cha kuwekea sabuni. Ndani yake mlikuwa na kinga ya meno ya plastiki angavu, iliyofinyangwa kwa umbo la meno yake ya juu, tayari ikiwa na alama za kutafunwa pembeni. Ukiigeuza kwenye mwanga unaona, upande wa magego, kibao chembamba cha saketi kilichofungiwa kati ya tabaka mbili za plastiki, kijibetri kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho, na nyaya nyembamba kama uzi wa kushonea zikifuata mzingo wa ufizi. Uzito wake haukutofautiana na wa zile kinga za kawaida tunazochemsha na kuziuma ili zikae mdomoni. "Hii ndiyo inayonichongea kwa daktari, Mwalimu," alisema. Akanieleza jinsi siku moja, katikati ya mchezo, alivyoitwa pembeni akiwa haoni sababu yoyote ya kuitwa, akabisha, akapelekwa ndani, na alipoombwa kurudia tarakimu nne kinyumenyume akakwama kwenye ya pili.

Kwa nini mdomoni, wala si kwingine? Jibu linahitaji kurudi nyuma kidogo. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia Tech, Marekani, walianza kuwavalisha wachezaji wa timu ya chuo chao kofia zenye vihisi sita vya kupimia mchapuko, yaani kiasi ambacho kasi ya kitu hubadilika kwa muda mfupi, vikiwa vimebanwa kwenye sponji ya ndani ili viguse kichwa. Kila pigo liliposajiliwa, taarifa zake zilirushwa kwa mawimbi ya redio hadi kwenye kompyuta pembeni mwa uwanja. Mfumo huo ulizaa hazina kubwa ya takwimu, lakini mchezaji wa raga havai kofia ngumu, na hata anayevaa, kofia huteleza. Wengine wakajaribu kubandika vihisi nyuma ya sikio kama plasta, au kuvishona ndani ya kofia laini za kubana. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha matokeo ya jaribio ninalolipenda kwa wepesi wake: walimrekodi mtu akipiga mpira kwa kichwa, kwa kamera ya kasi kubwa, huku amevaa aina zote tatu za vihisi, wakapima kila kihisi kilisogea kiasi gani kutoka mahali pake. Kile cha kwenye ngozi kilisogea hadi milimita 4, kile cha kwenye kofia laini hadi milimita 13, na kile cha kwenye kinga ya meno chini ya milimita 1. Ngozi hunyumbuka na nywele huteleza, bali meno ya juu yameshikwa na taya ambalo ni sehemu ya fuvu lenyewe. Ukitaka kujua fuvu limekwenda wapi, yaulize meno.

Kinga ya aina hiyo hupima mambo mawili. La kwanza ni mchapuko wa kwenda moja kwa moja, unaohesabiwa kwa kipimo cha g, yaani mara ngapi ya nguvu ya mvuto wa dunia. La pili ni mchapuko wa kuzunguka, unaokokotolewa kutokana na vipimo vya kifaa kidogo kiitwacho jairoskopu, na ndilo lenye uzito zaidi kwa ubongo. Jambo hili lilitambuliwa zamani. Mwaka 1943 mwanafizikia wa Oxford, A. H. S. Holbourn, alitengeneza mifano ya ubongo kwa jelatini, akaionyesha inavyovutika na kukatika kwa ndani pale kichwa kinapozungushwa ghafla, hata bila fuvu kupasuka. Mimi huwaeleza wanafunzi wangu kwa kibuyu cha maziwa. Ukikisukuma mbele tu, maziwa yanafuata bila ghasia nyingi. Lakini mama anayetaka siagi hukisukasuka na kukizungusha, kwa sababu anajua kwamba mzunguko ndio unaoyavuruga yaliyomo ndani. Ubongo ni laini, umeelea katika majimaji yake, na nyuzi zake za kupeleka habari hazikuumbwa zivutwe kwa namna hiyo. Pigo la kidevuni, ambalo huzungusha kichwa kama bawaba, linaweza kumwangusha mtu ambaye angestahimili pigo zito zaidi la paji la uso.

Kazi hiyo yote hufanyika kwa muda mfupi mno. Kinga inayotumiwa katika raga ya kimataifa, inayotengenezwa na kampuni ya Prevent Biometrics ya Marekani, huchukua vipimo 3,200 kila sekunde, na tukio moja inalolirekodi ni la milisekunde 50 hivi, muda ambao hautoshi hata kupepesa jicho. Ina pia kihisi cha mwanga usioonekana kinachotambua kama kweli imekaa kwenye meno, kwa sababu wachezaji huzitafuna, huzichomoa wakipiga kelele, huzichomeka kwenye soksi, na bila kihisi hicho kinga iliyodondoka kwenye benchi ingeandikwa kuwa pigo la kutisha.

Oktoba 2023 shirika la World Rugby lilitangaza kwamba litatenga euro milioni 2 kuzisaidia timu kupata vifaa hivi, na kwamba kuanzia Januari 2024 vitaunganishwa rasmi na utaratibu wa kumchunguza mchezaji aliyeumia kichwa. Upanuzi huo ulianza na mashindano ya wanawake ya WXV, na mwezi huohuo dada zetu wa Kenya Lionesses walikuwa Dubai wakicheza daraja la tatu la mashindano hayo. Nilifurahi kwamba safari hii wanawake walitangulia, kwa sababu kwa miaka mingi hitimisho kuhusu vichwa vyao lilitokana na vichwa vya wanaume. Elisabeth Williams wa Chuo Kikuu cha Swansea, aliyewavalisha wachezaji wa kike kinga zenye vihisi, aliona kwamba mara nyingi kichwa cha mwanamke hurushwa nyuma kama mjeledi na kugonga ardhi anapoangushwa, jambo lisilo la kawaida kwa wanaume waliokwisha kufundishwa tangu utotoni jinsi ya kuanguka. Taarifa kama hiyo ina faida ya papo hapo kwa mwalimu: msichana afundishwe kuanguka, na shingo yake iimarishwe, kabla ya kufundishwa kukaba.

Utaratibu wenyewe ni huu. Pigo likivuka viwango vilivyowekwa, ambavyo ni tofauti kwa wanaume na wanawake, ishara humfikia daktari aliye pembeni mwa uwanja kupitia Bluetooth, naye humtoa mchezaji nje kwa uchunguzi hata kama hakuna aliyeona lolote. Februari 2024, katika mashindano ya Mataifa Sita, George Turner wa Scotland alitolewa kwa njia hiyo wakati wa mechi dhidi ya Ufaransa, akachunguzwa, akaonekana mzima, akarudi kucheza. Kocha wake, Gregor Townsend, hakuridhika. Wiki chache baadaye malalamiko kama hayo yalisikika New Zealand katika ligi ya Super Rugby, ambako nahodha wa Crusaders, Scott Barrett, alihoji kwa nini mwenzake atolewe ilhali hana dalili zozote.

Ninawaelewa, na sitaki kuwabeza. Kuna ukweli katika lalamiko lao, maana kihisi hakipimi ugonjwa. Kinapima mwendo wa fuvu, basi. Mwaka 2007 Kevin Guskiewicz na wenzake wa Chuo Kikuu cha North Carolina walichapisha vipimo vya mitikisiko 13 ya ubongo iliyowapata wachezaji waliovaa kofia zenye vihisi: mapigo yaliyowaumiza yalianzia takribani g 60 na kufika zaidi ya g 168, wakati wachezaji wengine walipigwa kwa nguvu kubwa kuliko hiyo ya chini na kuinuka salama. Hakuna mstari mmoja ambao ukiuvuka umeumia na usipouvuka umepona. Mwalimu au mzazi anayedhani kwamba kifaa kitamwambia "mtoto huyu mzima" atakuwa amejidanganya kwa gharama kubwa, na hilo ndilo linalonitia hofu zaidi katika matangazo ya biashara ya vifaa hivi. Lakini mchezaji aliyetolewa bure amepoteza dakika chache. Mimi nilipoteza nusu saa ambayo haitarudi, na nilibahatika kwamba sikupoteza zaidi, kwa kuwa pigo la pili juu ya ubongo wa kijana ambao haujapona la kwanza limewahi kuua. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hakuna watu wanaoficha maradhi kwa ustadi kama vijana wa miaka kumi na saba wanaopenda mchezo.

Hata hivyo, king'ora cha pembeni mwa uwanja sicho ninachokiona kuwa zawadi kubwa ya vihisi hivi. Zawadi yake ni hesabu ya yale mapigo madogo ambayo hakuna anayeyataja.

Mwaka 2002 Bennet Omalu, mwanapatholojia aliyezaliwa Nigeria na aliyekuwa akifanya kazi Pittsburgh, aliupasua ubongo wa Mike Webster, mchezaji mashuhuri wa kandanda ya Kimarekani aliyefariki akiwa na umri wa miaka 50, akakuta ndani yake uharibifu ambao awali ulihusishwa na mabondia. Ugonjwa huo, unaojulikana kwa kifupi kama CTE, ulijadiliwa kwa miaka mingi kana kwamba ni tokeo la idadi ya mara ambazo mtu alizimia uwanjani. Kisha mwaka 2023 watafiti wa Boston walilinganisha ubongo wa wachezaji 631 waliokwisha kufariki na takwimu za vihisi vya ndani ya kofia zilizokusanywa katika tafiti nyingi za awali. Idadi ya mitikisiko iliyojulikana haikutosha kutabiri nani angekutwa na ugonjwa. Kilichotabiri ni jumla ya nguvu ambayo kichwa kilibeba kwa miaka yote ya kucheza, na hesabu hiyo isingewezekana bila vihisi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki hujazwa bila mwenyewe kuhisi.

Humkumbuka Steve Thompson, aliyevaa nambari mbili kama mimi na kutwaa Kombe la Dunia na Uingereza mwaka 2003 mjini Sydney. Desemba 2020 alijitokeza hadharani kueleza kwamba amepatikana na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu akiwa mwanzoni mwa miaka ya arobaini, na kwamba hakumbuki kushinda kombe hilo. Yeye mwenyewe alizungumzia mazoezi zaidi kuliko mechi: skramu baada ya skramu, siku baada ya siku.

Takwimu zinamuunga mkono. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofuatilia wachezaji 658 wa kandanda ya Kimarekani wa vyuo sita vya Marekani kati ya 2015 na 2019 na kusajili mapigo ya kichwa zaidi ya 528,000, ulionyesha kwamba karibu theluthi mbili ya mapigo hayo yalitokea mazoezini, si kwenye mechi. Nilipoisoma sentensi hiyo niliinuka nikatembea kidogo. Mechi ina mwamuzi, ina mashabiki, mara nyingine ina gari la wagonjwa. Mazoezi ya Jumanne yana mimi peke yangu na filimbi. Theluthi mbili ya mapigo hutokea mikononi mwa mwalimu, kwa amri ya mwalimu, na kwa hiyo yanaweza kuondolewa na mwalimu bila kubadilisha sheria hata moja ya mchezo.

World Rugby iliona hivyohivyo. Septemba 2021, kwa kushirikiana na chama cha wachezaji, ilitoa mwongozo kwamba mazoezi ya kugongana kwa nguvu zote yasizidi dakika 15 kwa wiki, na timu za Leinster, Clermont Auvergne na Benetton Treviso zikakubali kuvaa vihisi ili ionekane hali halisi ikoje. Dakika 15! Sisi tulikuwa tukizimaliza hizo kabla jasho halijatoka.

Kwa uadilifu lazima niseme pia upande wa pili, maana wazazi huniuliza na wana haki ya jibu kamili. Utafiti mkubwa wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, uliowavalisha wachezaji wa mitaani na wa shule kinga hizi, uliona kwamba asilimia 86 ya mishtuko ya kichwa ilikuwa sawa na, au chini ya, ile inayotokana na kukimbia, kuruka au kuruka kamba. Raga si machinjio. Ila asilimia 14 zinazobaki ndizo zinazostahili macho yetu, na nyingi kati ya hizo mwalimu anaweza kuzipunguza.

Liko pia suala la nani anamiliki taarifa hizi. Mwanafunzi wangu aliniambia kwamba wapo wenzake wanaoacha kinga hiyo kabatini kwa kuogopa kwamba klabu itakayotaka kuwasajili kesho itaomba kuona orodha ya mapigo yao. Hofu hiyo ni ya haki, na mpaka mchezaji ahakikishiwe kwamba taarifa za kichwa chake ni siri kati yake na daktari, kifaa hiki kitaendelea kuchukuliwa kama mpelelezi.

Shule yangu haiwezi kununua hata kinga moja yenye kihisi, na sitarajii iweze hivi karibuni. Lakini tangu Januari nimekuwa na daftari. Kila siku ya mazoezi kijana mmoja aliye na jeraha la mguu, au aliyesahau viatu, hukaa kwenye mstari na kalamu, akichora kijiti kila mchezaji anapokaba, anapokabwa, au anapoingiza kichwa kwenye rundo la kugombea mpira. Si kipimo cha nguvu, nalijua hilo vizuri. Ni idadi tu. Jumanne ya kwanza nambari sita wetu, kijana asiyekataa kazi, alikuwa na vijiti thelathini na kimoja, na nilikuwa bado sijapuliza filimbi ya mwisho. Sasa tunagongana kwa nguvu zote Jumatano tu, kwa muda wa saa yangu ya mkononi, na siku nyingine tunakaba magunia ya katani tuliyoyajaza nguo kuukuu na kuyashona kwa sindano ya mkeka.

Wiki iliyopita kijana wa daftari aliinua mkono kabla sijamwuliza. "Mwalimu, nambari sita amefika kumi na tano." Nilimwita atoke. Alikuja taratibu, akanitazama kana kwamba nimemwonea, akakaa kwenye nyasi akihema. Baada ya muda akaomba kalamu, akaanza kuwahesabia wenzake.